Mizunguko Thelathini na Miwili

Jumatatu, 17 Juni

Mjomba Abelardo ametangaza. Ametangaza huku anakula mahindi ya kuchemsha, mdomo umejaa, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Daktari amemwambia macho yake yamebakiwa na miezi, si miaka. Basi atamchagua mmoja wetu akalie benchi lake: mimi au binamu yangu Leonidas. Atakayechaguliwa anapata karakana, pasi, sanduku la moshi wa salfa la kung'arishia kofia na kalibu zote mia moja na arobaini za mbao, kila moja na umbo la kichwa cha mtu wa hapa Cuenca. Na jina lake litaandikwa kwenye ubao wa mlangoni. Asiyechaguliwa atatakiwa kheri tu.

Ubao ule nimeutazama tangu nina miaka sita. Najua jina langu litakavyokaa. NOEMI ZHUNIO, herufi za kijani, nukta moja mwishoni ili watu watulie.

Sharti ni hili: kufika Jumapili ya tarehe 30, kila mmoja amletee kofia moja kuukuu. Alisema iwe kofia ambayo wengine wote wameipita na sisi tukaiona. Mpya mtu yeyote anaweza kuisifia, alisema. Kuukuu lazima uijue.

Leonidas akasema sawa Mjomba, akaenda kuosha sahani. Kujipendekeza tu!

Leonidas ni mbwa. Simtukani. Wanaozunguka vijijini kununua kofia kwa wasukaji huku kwetu huitwa mbwa tangu enzi za babu zetu. Ana pikipiki. Ana vijiji thelathini vya vikongwe wanaomwita mwanangu. Mimi nina shahada ya urejeshaji wa kazi za sanaa. Miaka mitano! Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa 212, juu ya ua moja lililofichwa chini ya rangi katika mchoro wa Mtakatifu Ana. Mjomba aliwahi kuuliza ua lenyewe lilikuwa la aina gani. Nikamwambia kuwepo kwake hakukuthibitika.

Nina jicho. Leonidas ana pikipiki. Tutaona.

Jumanne, 18 Juni

NIMEIONA!

Mjomba alinituma sokoni kununua majani ya kuoshea macho. Jumanne na Ijumaa ndizo siku za kuagua, kwa hiyo upande wa mitishamba ulikuwa umejaa watoto wanaolia na mama zao wanaowashika miguu. Mama Targelia alikuwa kwenye kigoda chake. Huyu ndiye aliyenitoa mshtuko nilipoanguka kisimani nikiwa na miaka minne. Alivaa kofia yake ya siku zote, pama nyeupe ya akina mama wa huku, ukingo mgumu kama sahani, utepe mweusi. Kofia hizi hupakwa upya kila mwaka kwa unga wa zinki na gundi. Sisi tunauita chokaa. Chokaa juu ya chokaa, mwaka juu ya mwaka. Hakuna anayezitazama. Hata mimi sijawahi.

Joto la watu likamzidi. Akaivua, akaanza kujipepea. Mwanga wa dirisha ukaingia kwa ubavu ndani ya utosi wa kofia, na mwanga wa ubavuni ndio usemao kweli, hilo nimeliandika mwenyewe ukurasa wa 40. Nikaona mizunguko. Ile miduara inayoanzia katikati ya utosi, kila msukaji anapoongeza nyuzi. Kofia ya kawaida ina minane. Nzuri ina kumi na minane. Mjomba aliona yenye ishirini na sita mara moja maishani, akavua yake kwa heshima.

Nilihesabu thelathini na miwili.

Thelathini na miwili, chini ya chokaa, juu ya kichwa cha muuza majani! Na mji mzima unapita!

Nilikodoa macho mpaka Mama Targelia akauliza, "We binti, umekuja kununua majani au kunihesabia chawa?"

Nilirudi bila majani. Mjomba ameoshea macho chai.

Jumatano, 19 Juni

Mpango wa kwanza: kubadilishana. Nimempelekea Mama Targelia kofia mpya, ukingo mpana zaidi, nyeupe kuliko meno. Nikasema ni zawadi, na kwa kuwa hatakuwa na haja ya ile kuukuu, nitamsaidia kuiondoa.

Akacheka mpaka jirani yake muuza mayai akacheka bila kujua kisa. Akasema ile kofia aliisuka marehemu mama yake mwaka alioolewa, akaivaa harusini. Yeye naye akaivaa kwenye harusi yake. Sasa binti yake Nube anaolewa Jumamosi ya tarehe 29, na ataivaa. "Na nikifa mnizike nayo," akasema. "Viatu ndivyo mnivue. Vinabana."

Nikamweleza kitaalamu. Nyuzi za zamani zinahitaji kupumua. Akasema hata yeye anahitaji kupumua na mimi nimemzibia hewa.

Nikiwa natoka, nani anaegesha pikipiki? Leonidas! Helmeti kichwani, hata ndani ya soko hakuivua. Nikamuuliza anatafuta nini. Akababaika, akasema karoti.

Upande ule hakuna karoti.

Anaijua. Mbwa amenusa.

Ijumaa, 21 Juni

Juma la Ekaristi limeanza, mji mzima unanuka sukari, kila kona meza za peremende. Sijala hata moja. Mtu mwenye lengo hali peremende. (Nimekula nne, lakini ni kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya meza na mwenye meza alianza kunishuku.)

Mpango wa pili: kuaguliwa. Mgonjwa hukaa chini ya ukingo wa kofia ya mganga kwa dakika kumi nzima, naye mganga lazima ainame. Nikapanga foleni, nikalipia, nikakaa.

Mama Targelia akanichapa na mafungu ya majani, mgongoni, kifuani, utosini. Akanizungushia yai mwili mzima. Nikahesabu mpaka kumi na tisa. Hapo akajaza mdomo pombe kali ya miwa na kunipulizia usoni. Machoni! Nikapoteza hesabu na, kwa muda, dunia.

Akalivunja yai kwenye glasi, akalitazama sana. Nikauliza kama ni kijicho cha watu.

"Hapana," akasema. "Unajiona tu."

Nikauliza dawa yake.

"Kazi. Anayefuata!"

Wakati huohuo nyuma ya pazia mtu akalia kama mbuzi. Nikafunua. Leonidas! Bila helmeti! Na utosi wake, Mungu wangu, mtupu na unang'aa kama kalibu namba tisa, umevimba vipele vyekundu. Ana miaka ishirini na sita. Msaidizi wa Mama Targelia alikuwa anamchapa upara kwa majani yawashayo ili nywele ziamke.

Akanishika mkono. "Noemi, dada yangu, usimwambie Mjomba. Muuza kofia mwenye upara! Watu watasema kofia ndizo zilizoninyonyoa."

Nikaapa. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama na yeye ameiona ile kofia. Akauliza kofia gani.

Uongo wa kiwango cha juu kabisa. Nimemhurumia, na sijamwamini.

Jumatatu, 24 Juni

Sikuhitaji mpango. Kofia imekuja yenyewe!

Saa nne asubuhi Mama Targelia ameingia karakanani na kitambaa kichwani, kofia mikononi, kuipakisha kwa ajili ya harusi. Mjomba alifuta mikono mara mbili. Akaipokea kwa mikono yote miwili, kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Nikajitolea kuipaka. Akakataa. Nikajitolea kuikoroga chokaa. Akakataa. Akasema hiyo huifanya yeye peke yake, kila mwaka, na nisiiguse hata kwa macho.

"Uipendezeshe, Abelardo," Mama Targelia akasema, anajikanda shingo. "Maana mwaka huu shingo inaniua."

"Uzee, Targelia."

"Uzee wa nani?"

Wakacheka wote wawili. Leonidas anasema wanacheka hivyo kila Juni tangu hajui lini.

Mjomba ameiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya sanamu ya Bikira. Kofia nyingine za wateja zinaning'inia kwenye waya kama nguo. Hii ina mlinzi! Maana yake Mjomba anajua thamani yake. Miaka yote amejua, akanyamaza, akasubiri mtu mwenye jicho.

Mtihani wote ulikuwa juu ya kofia hii. Nimetetemeka nilipolitambua hilo. Bado natetemeka, ingawa inawezekana ni baridi.

Jumanne, 25 Juni

Nimetafakari upande wa maadili tangu kifungua kinywa. Hitimisho: si wizi. Mwizi huondoa kitu. Mimi naondoa chokaa.

Mpango wa tatu, na wa mwisho. Mama Targelia atapata kofia inayofanana na yake kwa kila kitu, ataivaa harusini kwa furaha. Ile ya kweli nitaivua matabaka yote, niipe umbo jipya, utosi wa chini, ukingo wenye wimbi, na Jumapili nitaiweka mbele ya Mjomba ikiwa uchi na inang'aa kama siku iliyosukwa. Mjomba atalia. Mama Targelia ataitwa, ataona kazi ya mama yake, naye atalia. Leonidas atalia kwa sababu zake.

Leo nimetengeneza pacha. Nimechukua pama kuukuu isiyo na mwenyewe kutoka kwenye waya, mizunguko kumi na minne, si haba. Nikailoanisha, nikaivuta juu ya kalibu namba 61, ambayo ndiyo kichwa cha Mama Targelia, na ubapa wake mdogo upande wa kushoto. Nikapiga pasi. Nikapaka chokaa mara tatu. Hata alama ya kidole chake ukingoni nimeitia, kwa mafuta ya nguruwe. Ukiziweka pamoja, mimi mwenyewe nasita.

Leonidas alinikuta. Akauliza nafanya nini. Nikasema mazoezi. Akaniletea chai. Anataka nini huyu?

Amenionyesha kofia yake ya mtihani. Ya bibi mmoja huko milimani, mizunguko kumi na minane, ilikuwa imeliwa na panya, naye ameiziba kwa nyuzi za umri uleule alizochomoa kwenye kofia nyingine mbovu. Nimekitafuta kiraka kwa robo saa. Sikukipata.

Kazi ya kawaida.

Jumatano, 26 Juni

Mjomba ameenda kwa daktari wa macho, Leonidas amempeleka. Wanarudi saa tisa. Kofia ya Mama Targelia alisema ataipaka kesho. Naandika hapohapo, kama inavyotakiwa kitaalamu.

*Saa tatu na nusu.* Nimefungua dirisha la kwanza utosini, ukubwa wa ukucha. Pamba, maji ya vuguvugu, subira. Tabaka la 1 limetoka. Nimelikusanya kwenye bahasha, nikaandika namba na tarehe.

*Saa nne.* Tabaka la 6. Bado chokaa. Dalili njema: kadiri kifuniko kinavyokuwa kinene, ndivyo siri inavyokuwa kubwa.

*Saa nne na dakika arobaini.* Mizunguko ya ndani ilitoweka pamoja na tabaka la 2. Yote thelathini na miwili. Nadhani ni athari ya mwanga. Nimeandika "ajabu" pembeni.

*Saa tano na nusu.* Tabaka la 13. Nimepanua dirisha likafika utosi mzima. Kati ya la 11 na la 12 kuna mbu. Nimempa bahasha yake.

*Saa saba.* Tabaka la 20. Kofia imepungua uzito kwa zaidi ya nusu. Sijala. Vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo.

*Saa nane.* Tabaka la 24. Ukingo umeanguka. Wenyewe! Sikuugusa. Yaani nilikuwa nimeugusa kidogo.

*Saa nane na robo.* Tabaka la 27. Chini yake si nyuzi. Ni shashi, ile ya kufungia vidonda. Chini ya shashi, gazeti. Kipande cha gazeti chenye fumbo la maneno, limejazwa nusu kwa kalamu. Mji mkuu wa Peru: QUITO. Mwandiko naujua. Nimeuona kwenye kila lebo ya karakana hii tangu nizaliwe.

*Saa tisa kasorobo.* Chini ya gazeti, katikati kabisa ya utosi, kipande cha msuko halisi. Ukubwa wa sarafu.

Basi.

Hakuna kofia. Hakukuwa na kofia. Ilikuwa chokaa iliyokaa kwa umbo la kofia kwa mazoea.

Nimekaa sakafuni na bahasha ishirini na saba na mbu mmoja. Pikipiki inasikika mtaani. Nimeweka pacha nyuma ya Bikira. Bikira ananitazama vibaya.

Alhamisi, 27 Juni

Lazima iandikwe.

Asubuhi Mjomba aliishusha ile ya rafuni. Akaishika. Akaipima kwa mkono mmoja, akahamishia mwingine. Akaingiza kidole ndani ya utosi akawa anatafuta, polepole. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari umetoa kitu kwenye mfuko wa aproni: kichana kidogo cha pembe, cha marehemu mke wake, Rosaura. Akakirudisha mfukoni.

Akauliza nani aliingia karakanani jana. Nikasema paka.

Hatuna paka.

Na hapohapo, siku moja kabla ya ahadi, Mama Targelia huyo mlangoni! Alisema ana haraka, ana nguruwe wawili wa kuchoma na wakwe wa kuwafurahisha. Hakungoja kupakiwa. Akaichukua kofia mikononi mwa Mjomba, akaivaa. Akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Shingo haikulia. Akasimama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Abelardo," akasema. "Hii si yangu. Hii ni kofia."

Mjomba akakaa kwenye benchi. Leonidas, ambaye hajui lolote, akavua helmeti kwa heshima bila kukumbuka upara.

Mjomba akauliza, sauti ndogo, "Ulijua?"

"Tangu ubatizo wa Nube! Mvua ilininyeshea, nikainamia supu, ukingo ukadondokea kwenye bakuli. Mbele ya padri! Nikakuletea vipande, ukasema utaona la kufanya. Kesho yake unanirudishia kofia nzima, nzito kama mlango. Sasa ningesemaje? Ulikuwa umekesha ukiitengeneza."

"Nilichora mizunguko kwa kichana cha Rosaura," Mjomba akasema. "Kila mwaka, chokaa ikiwa mbichi. Ili usijue."

"Na mimi nimebeba mlango kichwani miaka ishirini na saba, ili usijue kama najua!"

Wakatazamana. Kisha, bila kuambizana, wakanitazama mimi.

Nilisema kwamba katika urejeshaji wa kisasa kanuni ya kwanza ni uwazi. Mama Targelia akachomoa fungu la majani kikapuni na kunipiga nalo. Safari hii haikuwa tiba.

Halafu akaliweka chini. Akauliza, wala hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniumiza, "Ya mama imebaki nini?"

Nikaleta bahasha. Zote ishirini na saba, kila moja na namba yake, tabaka lake, tarehe na saa ya kutolewa. Na kipande cha msuko ndani ya karatasi laini. Mama Targelia akakipeleka dirishani. Akakigusa kwa ncha ya kidole kidogo. Hata Leonidas aliacha kujikuna.

"Mkono wake huu," akasema.

Mjomba akaniomba bahasha. Akazimwaga zote kwenye kinu, akaanza kutwanga. Zote! Pamoja! Nikapiga kelele kwamba anachanganya mwaka wa tatu na wa kumi na tisa, kwamba utaratibu wote umepotea. Akasema hata kichwani mwa Targelia miaka imechanganyika hivyohivyo na hajalalamika. Akatia gundi na maji, akakoroga, akapaka ile chokaa kuukuu juu ya pacha wangu. Leonidas akakishona kile kipande cha msuko ndani ya utosi, katikati, pale pale kilipokuwa. Sikuona mshono. Nilitazama kwa karibu sana.

Mama Targelia aliivaa ikiwa bado na ubaridi. Akasema nyepesi, lakini inanuka kwao.

Mbu sikumtoa. Bahasha yake ninayo.

Jumamosi, 29 Juni

Harusi. Manyunyu tangu asubuhi, chokaa imeshika. Nube alipendeza. Mama Targelia alicheza kila wimbo, akigeuza shingo kama bundi, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba Mjomba Abelardo amemtoa mzigo wa miaka ishirini na saba. Mjomba alicheza naye mara tatu. Kwa mtu anayedai haoni, hakumkanyaga hata mara moja.

Nimekula simbilisi wa kuchoma peke yangu, karibu na spika. Leonidas alikuja kukaa nami. Akasema nisijali, kila mtu huvunja kitu anapojifunza kazi. Ana pama mpya, imeficha upara vizuri, na wasichana wawili walimtazama.

Kanisani nilikaa nyuma ya babu wa bwana harusi. Nitaandika kesho.

Jumapili, 30 Juni

Hukumu.

Leonidas aliweka mezani kofia yake. Mjomba alifumba macho akaipapasa yote, nje na ndani, akatafuta kiraka mara ya pili, hakukipata, akatabasamu. Mimi niliweka bahasha tupu. Sikuwa na kingine.

Mjomba alisema hivi, nanukuu nisije nikajipendelea: Leonidas ameona tundu kwenye kofia iliyopo, akaliziba kimya. Noemi ameona kofia isiyopo, akaifumua kwa sauti kubwa. Macho yote mawili ni makali, alisema, lakini wateja huleta kofia wakitaka kuzirudisha nyumbani.

Benchi ni la Leonidas. Pasi, salfa, kalibu mia moja na arobaini. Ubao wa mlangoni utapakwa Jumatano. Leonidas aliniuliza kama naweza kumchorea herufi, kwa kuwa nina mkono mzuri. Nimesema ndiyo.

Sikutupwa moja kwa moja. Kila Juni, mimi mwenyewe nitapaka kofia ya Mama Targelia tabaka moja, na kuchora mizunguko kwa kichana cha marehemu Rosaura. Mama Targelia ndiye aliyeomba hivyo. Amesema aliyeivua ndiye aivike. Mjomba akaongeza kwamba nikifikisha ishirini na saba, tutazungumza tena habari ya ubao.

Nitakuwa na miaka hamsini na mmoja.

Ila hakusema tabaka liwe nene kiasi gani. Wala hakusema nisipake mawili kwa mwaka. Matatu kwa mwaka ni miaka tisa tu.

Na jambo moja halijasemwa na mtu yeyote, kwa hiyo nalisema mimi. Kile kipande cha ukubwa wa sarafu nilikipima kabla ya kukikabidhi. Mizunguko mitano ndani ya sarafu moja! Nimepiga hesabu. Kwa uwiano huo, utosi mzima ungekuwa na thelathini na miwili, labda na mitatu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Iandikwe popote panapoandikwa mambo kama haya.

Sasa, babu wa bwana harusi. Anatoka Biblián, mgane, mpole, hasikii vizuri. Pama yake ina ukingo mnene kama mkate, chokaa ya nusu karne. Alipoivua kwa ajili ya komunyo, mwanga wa dirisha la pembeni ulipita ndani ya utosi. Nilihesabu ishirini na tisa kabla hajaigeuza. Ishirini na tisa! Na kanisa zima linaimba, macho mbele!

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori la wageni. Nikamwambia mimi ni mtaalamu, na kwamba nyuzi za zamani zinahitaji kupumua. Akasema ndiyo, chakula kilikuwa kizuri. Ataniletea pama yake Jumanne, Leonidas akiwa vijijini.

Nimeshanunua bahasha hamsini. Kosa langu nimelifahamu, sitalirudia.

Safari hii nitaanza na ukingo.